Kipimo cha Ukumbi

Manispaa wamenituma na kipimo cha mwale mwekundu,
kofia ya plastiki, fomu ya kurasa nne,
nikapime ukumbi wa zamani wa watu wa forodha, Matrah,
nyuma ya maduka ya vitambaa, pale magari ya taka yanapogeuzia.

Urefu: mita ishirini na sita na nukta tatu.
Upana: kumi na moja.
Kimo: mwale ukapanda, ukapotelea kwenye tundu la dari,
mashine ikaandika sifuri.

Baiju, mlinzi, mlango anaufunga kwa waya.
Akaniuliza kwa Kiarabu cha kuungaunga: mnauvunja?
Nami kwa Kiarabu changu, ambacho shuleni nacho
walikiita cha kuungaunga, nikamjibu: bado tunapima.

Nikampigia Shangazi Rayya, Al-Khoudh,
mguu wake wa sukari juu ya mto.
“Uko ndani? Panda jukwaani.
Ubao wa tatu kutoka kushoto unalia. Ukanyage.”
Hakuna ubao, shangazi. Wametia vigae.
Akanyamaza, kama aliyepewa habari ya msiba wa mbali.

Walifika kutoka Unguja mwaka wa sabini na mbili,
sanduku moja, na mbuzi ya kukunia nazi
katika mji usiokuna nazi.
Nchi ya baba iliwafungulia mlango;
lugha ya mama ikaambiwa ingoje nje.
Dukani waliomba chumvi kwa vidole.

Lakini Alhamisi usiku, kwa sahani ya visheti,
karani Thuwaini alisahau ufunguo chini ya jiwe.
Wanawake waliingia kwa mlango wa ubavuni,
wakavua Kiarabu pamoja na mabuibui.
Viti mia na arobaini, waliokaa mia tatu.
Rayya, masharubu ya wanja, kanzu ya kaka yake,
akatoka kuwa bwana bahili.

“Nilisema neno moja tu:
Mke wangu, chumvi hii ina punje ngapi?
Ukumbi ukapasuka.
Si mzaha waliocheka, mwanangu.
Mzaha wenyewe haukuwa na chumvi.
Walicheka kwa kuwa wameelewa
kabla hawajatafsiriwa.”

Kisha: “Sasa sema wewe.”
Niseme nini?
“Uliza chumvi.”

Mimi, mhandisi, kofia kichwani, simu mkononi,
mbele ya magunia ya saruji na paka mmoja,
nikauliza chumvi.
Sauti ikaenda hadi ukuta wa nyuma,
ikakaa huko kidogo,
ikarudi nzito kuliko ilivyoondoka, kama imelishwa.
Nje, Baiju akaitika: “Aiwa!”

Simu ilikuwa kimya. Halafu:
“Nimesikia. Ukuta wa nyuma haujahama.”
Akakata. Hakuniaga; shangazi hana desturi hiyo.

Sehemu ya mwisho ya fomu, hali ya jengo, chagua moja:
nzuri, wastani, mbovu.
Pembeni, pasipo na kisanduku,
nikaandika kwa penseli: linaitika.
Kesho yataingizwa kwenye kompyuta,
na kompyuta yao haisomi penseli, najua.

Baiju akazungusha waya mara tatu.
Kimo nimekiacha wazi.
Nitarudi na ngazi.