Herufi Sitini na Nne

Kompyuta ya ghala la kamba, Barabara ya Kumi na Tatu,
ina umri wa Shembilu, na Shembilu keshaoa.
Kivinjari chake kilikufa Jumanne,
kikatuachia dirisha jeupe,
na mizani ya uani ikabaki bubu:
ile mizani, sijui nani aliiroga,
haisemi na kivinjari kipya.
Inataka cha zamani, toleo lilelile,
kama bibi na ugoro wake.

Akaja Msagati, flashi shingoni
kwa uzi wa katani tuliomuuzia sisi.
"Hiki hapa, mama. Chenyewe. Elfu kumi tu."
Nikatazama picha yake: rangi zilezile, duara lilelile,
jina halikukosewa hata nukta.

Lakini mimi nimepima katani Ngomeni miaka kumi na tisa.
Najua jiwe la kilo ishirini huchimbwa tumboni,
likajazwa nta, likapakwa rangi,
likang'aa kuliko jiwe la serikali.
Hatukulitazama usoni.
Tulilipindua, tukatafuta muhuri.

"Muhuri wake uko wapi?"
Akacheka. "Mama, hiki kivinjari, si ng'ombe."

Kumbe kinao.
Aliyekitengeneza ameuandika kwenye ukurasa wake mwenyewe:
herufi na tarakimu sitini na nne,
mkufu uliosukwa kwa faili zima.
Gusa chembe moja ndani,
mkufu wote hufumuka, ukasukwa mwingine.

Nikaiamuru kompyuta isuke mkufu wa kile cha flashi,
bila kukifungua, mlango ungali na komeo.
Mwantumu akashika simu yenye ule wa mwenyewe.
"Tisa," akasema.
Kwangu ilikuwa mbili.

Tukanyamaza.
Feni ilikuwa inakata upepo vipandevipande.

Msagati si mwizi, naandika hili alisome.
Naye alipewa na aliyepewa.
Ila alichukua flashi yake kama mtu aliyetukanwa ukweni,
na chai yake ikabaki na utando.

Tukakipakua upya, kutoka kwenye hifadhi ya mwenyewe,
toleo lilelile la kale,
tangu adhuhuri mpaka alasiri, bando likilia.
Kisha tukaketi tena, nne nne,
yeye anasoma, mimi nafuata kwa kidole.
Ya arobaini na moja akasema be, mimi nikaona de.
Moyo ukanishuka hadi kwenye kandambili.
"Rudia."
"De."
"Si umesema be?"
Masikio yetu hayaaminiki, tukaipa kila herufi mtaa wake:
a ya Amboni, be ya Bombo,
che ya Chumbageni, de ya Duga,
fe ya Forodhani.
E haikupata mtaa Tanga nzima,
tukaipa embe, ikaridhika.

Tukaanza mwanzo.
Duga, saba, saba, Amboni.
Sifuri, embe, Bombo, tatu.
Wabeba robota wakasimama mlangoni
wakidhani tunapiga ramli.
Sitini na mbili. Sitini na tatu.
"Chumbageni," akasema Mwantumu.
Chumbageni, kidole changu kikajibu.

Ndicho chenyewe.

Shembilu akataka kushangilia. Nikamwambia ngoja.
Chenyewe maana yake hakikuchezewa njiani,
basi.
Nyumba ya babu yangu Pongwe ni ya babu yangu kweli,
hati ninayo,
na ukuta wa nyuma una ufa unaopitisha mbwa.
Kivinjari hiki ni kizee; nyufa zake
wezi wamezihesabu kabla yetu,
na fundi wake aliacha kuziziba zamani.

Basi tukakisakinisha,
kikaamka, kikaiita mizani, mizani ikaitika:
kilo mia mbili na kumi na nne, robota la kwanza.
Nami nikang'oa waya wa intaneti,
nikauviringa mara tatu,
nikautundika kwenye msumari wa kalenda.

Kizungumze na mizani tu.
Habari za dunia tutazisoma kwenye simu ya Mwantumu,
akipenda, na bando likibaki.