Diwani ya Mpima Tumbaku

Driciru aliingia na mfuko wa saruji,
akautua juu ya meza yangu ya gundi na uzi:
Maneno ya baba haya. Yashone.

Ndani, stakabadhi. Mamia.
Mbele: kilo, daraja, jina la mkulima,
muhuri wa ghala uliofifia kama chai ya tatu.
Nyuma: beti, kwa kalamu ya risasi,
na harufu ya tumbaku iliyowashinda hata panya.

Hapa Arua, mitaa hii ya nyuma ya soko,
wengi Kiswahili tulikisikia kwanza
kwenye kizuizi, usiku, tochi machoni:
Lala chini. Kitambulisho. Leta pesa.
Na huyu Anguyo, mpima tumbaku,
alikiokota kitenzi kilekile,
akakitandikia mkeka:

    Lala mwanangu ulale, mvua inapiga bati,
    Usihofu giza lile, ni blanketi la wakati,
    Kesho tutapima tele, jua likitoa hati,
    Uzito wako ni ule, mzani hauupati.

Niliisoma nimesimama.
Gundi ikaanza kukauka kwenye brashi.

Juu niandike nini? nikauliza.
Andika Mashairi, akasema. Kisha: hapana,
Mashairi ni kama kuandika Maharage kwenye gunia.
Nikamwambia lipo neno. Diwani.

Akacheka, cheko lenye mfupa ndani.
Diwani! Baba aligombea udiwani wa tarafa.
Alipata kura kumi na moja.
Wapiga kura wa nyumbani tulikuwa tisa.
Hadi leo tunawatafuta wale wawili.

Basi nikamweleza, mimi nisiyesomea,
ninayejua vitabu kwa migongo yao:
kwamba neno hili, huko mbali lilikotoka,
lilikuwa daftari tu, la hesabu,
nani kaleta nini, nani anadaiwa.
Daftari likatafutiwa chumba,
chumba kikapata viti,
na waliokalia viti
wakalivaa jina kama koti.
Washairi wao walibaki na daftari.

Shairi moja si diwani.
Hata mia ndani ya mfuko si diwani;
bado ni watu waliojikinga mvua baraza moja.
Ni mpaka yaketi, hili lilisikie lile,
la msiba lipishane na la deni,
ndipo baraza limekaa, ndipo twasema diwani.

Na tunasema *ya*, nikamwonyesha kwa kidole.
Mtu ni diwani *wa*:
diwani wa tarafa, wa miaka mitano, wa mabango.
Kitabu ni diwani *ya*.

Akaitazama ile herufi muda mrefu.
Huko nje mtu wa bodaboda alikuwa akigombana na chenji.
Kwa hiyo, akasema, alishindwa kwa *w*.

Sikuwa na jibu. Nikapanga herufi za risasi,
D, I, W — kumbe *w* imo, nikaiona hapo hapo,
imo katikati ya neno, haina kura ya mtu —
nikazikandamiza kwenye jalada jeusi:
DIWANI YA ANGUYO.

Ilibaki stakabadhi moja.
Mbele: kilo arobaini na mbili, daraja la tatu.
Nyuma: tupu.
Hii nayo?

Shona, akasema.
Siku hiyo alikuwa amechoka.