Kidole Kwenye Sahani

Wanataka tuwape Semboja, watupe Mbaruku.
Ujumbe umeingia kwa simu, mistari minne,
kutoka Bagamoyo, timu ya Kaole,
na juu yake wanatia mipira miwili na wavu mpya,
kama muuza dagaa anavyokutupia nyongeza
ili usihesabu vizuri.

Kamati ina watu saba. Watatu ndiyo, watatu hapana.
Wa saba ni mimi, Tunu binti Kilua, mwenye daftari.
Mchana napima machungwa ya Muheza
ghalani, Barabara ya Kumi na Nne.
Jioni nakaa pembeni mwa uwanja wa Makorora
naandika nani katupa, nani kadaka, nani kapoteza.
Mizani naijua.
Basi nikawapandisha.

Sahani ya kulia, Semboja:
miaka ishirini na saba, goti la kushoto
linalojua mvua kabla ya redio.
Anakaba mfupi, anakaba mrefu,
alimkaba yule senta wa Pangani
hadi senta akauliza, "Kwani nina deni lako?"
Kiraka, wanamwita, na hiyo ni sifa:
kuna nguo tusingeivaa bila yeye.

Sahani ya kushoto, Mbaruku:
ishirini na mbili, mikono mirefu kama upondo.
Mpe kona ya kulia,
mpira ukimtoka vidoleni wavu unasema *chwa*,
basi, hauongezi neno.
Naye kiraka. Hupenya, hudaka, huanzisha.
Ila akikosa husimama, auangalie mkosi wake,
na mtu wake yuko huku peke yake, anafunga.

Kocha Mhando: "Miguu michanga haiji mara mbili."
Bi Zawena wa hazina: "Uchanga ni mkopo, na una riba."
Mtu mlangoni: "Usiache mbachao kwa msala upitao."
Mwingine: "Mbachao wenyewe goti limetoboka!"
Wakacheka. Chai ikapoa.

Usiku nikajumlisha.
Pointi: kumi na moja kwa kumi na nne.
Ribaundi: sita kwa sita.
Pasi za kikapu: saba kwa nne.
Nikatoa goti, nikatia umri,
sindano ikasimama katikati
ikitetemeka, kama shahidi.

Saba?
Nani anatoa pasi saba kwenye ligi yetu?

Nikafunua nyuma. Mchezo na Korogwe:
Semboja alimpa Sengasu mpira katikati ya uwanja,
Sengasu akadundisha mara nne, akapumua, akafunga.
Mimi nikaandika: pasi, Semboja.
Ukurasa baada ya ukurasa.

Ghalani, akija mkulima ninayemhurumia
kidole kinashuka kwenye sahani chenyewe.
Si wizi. Ni robo kilo ya huruma.
Lakini ni robo kilo.

Sina la kujitetea
ila namna anavyorudi kukaba
hata tukiwa nyuma kwa ishirini,
mbio, kama mtu aliyekumbuka
kwamba hakufunga mlango.

Nikafuta. Saba ikawa nne.
Sindano ikalala kwa Mbaruku, kidogo tu,
upana wa ganda la chungwa.
Nikachora safu mpya, nikaiita *Kurudi*,
nikataka kuijaza kwa kumbukumbu,
nikaiacha tupu.
Kumbukumbu nayo ina kidole.

Saa nne simu ikalia.
"Tunu, wamenipimaje?"
"Bado."
"Nasikia kuna mipira miwili juu yangu."
"Na wavu."
Akanyamaza, halafu nikasikia anacheka.
"Wavu wetu kweli umeoza."

Kesho saa kumi kamati inakaa.
Daftari liko mezani, limefunguliwa,
palipofutwa pamebaki pachafu, waone.
Mikono yangu
nitaiweka mapajani.