Apite Nani Kwanza

Kisanduku kiko juu ya friji, Guraya, ghorofa ya pili.
Nilikuwa nimekifunika kitambaa nilichokitarizi mwenyewe
mpaka Faki akaniambia, "Mama, hicho chapumua, kifunue."
Nikakifunua. Taa nne za kijani, moja ya manjano,
zakonyeza kama watoto wanaojua siri ya mtu mzima.

Kila usiku saa tatu Swabra hupiga simu kutoka Maskati.
Saa tatu hiyohiyo Twalib yuwacheza mpira wa kwenye skrini,
na mpangaji wa chini, niliyempa neno la siri kwa ujirani mwema,
yuwapakua filamu za Kihindi, tatu tatu.
Mtandao naulipia mimi, kwa faida ya mahamri,
lakini sauti ya mwanangu yanifikia mapande
kama sahani iliyoangushwa ngazini:
"Mshaha... Ma... siwe na wasi..."
Huokota vigae, nikagandisha kwa gundi ya kukisia,
nikaitikia "ehe, ehe," nisijue nimekubali nini.

Nikamwambia Twalib anifungulie ukurasa wa mipangilio.
Subhana!
Jedwali kama mtihani wa mtu mwingine.
Milango maelfu, kila mmoja na nambari yake,
"uzito," "foleni," "kikomo cha kupakia,"
na herufi kubwa nne zimesimama kama askari wa kaunti
zisiseme zalinda nini.
Chini kabisa, kitufe: Hifadhi.
Nihifadhi nini? Nimeweka nini mimi?
Nikabonyeza.
Siku mbili nyumba nzima haina mtandao.
Mpangaji akapanda ngazi. Twalib akalia kwa kwikwi.

"Faki," nikasema, "mimi nimegawa maji ya mfereji wa uani
miaka thelathini, yakija Jumanne, yakija Ijumaa, yasipokuja.
Ndoo ya mgonjwa yatangulia,
ya kupikia yafuata,
ya kufulia ingoje hata alfajiri,
na mwenye pipa asituzibie mfereji
kwa kuwa pipa lake ni kubwa.
Hayo sikufundishwa kwa nambari za milango.
Mbona kisanduku hiki hakiniulizi ninachokijua?"

Faki akanyamaza. Akala mahamri mawili kwa mbaazi,
akafuta vidole, akasema,
"Waliokiandika, mama, walikuwa wakiandikiana."

Alirudi baada ya wiki tatu, na ukurasa mmoja,
maandishi makubwa hata bila miwani:
Nani anaongea na mtu?
Nani anacheza?
Nani anaweza kungoja?
Na pembeni: Ukikosea, gusa hapa, kila kitu kirudi kama jana.

Hilo la mwisho nililitazama sana.
Ni vitu vingapi duniani vyenye kitufe cha jana?

Nikaburuta kwa kidole, kidole chenye unga.
Simu yangu juu. Mpira wa Twalib kati.
Filamu za mpangaji chini, nyota na nyimbo zao zote.
"Nimzime kabisa?" Faki akauliza.
"La. Angoje tu. Kungoja si kunyimwa."

Saa tatu ikafika. Swabra akapiga.
Sauti nzima, sahani iko kabatini.
Nikasikia feni ya chumba chake,
nikasikia kijiko kikigonga kikombe,
mtu akikohoa nyuma ya ukuta wa nchi nyingine.
Nikamuuliza kama kawaida: mshahara je, wamekulipa?
"Wamenilipa, mama. Usiwe na wasiwasi."

Na baina ya "wamenilipa" na "usiwe"
pakawa na pumzi moja, imemezwa.

Miaka miwili nilidhani ni mtandao.

Nikavuta kiti.