Fundi Aliyepita

Friji ya chanjo za kuku ikinguruma
mtandao unakata.
Ndivyo alivyonieleza Mama Aikande,
duka la dawa za mifugo, nyuma ya soko la Mbuyuni:
"Ikinyamaza, risiti zinatoka. Ikinguruma tena,
mteja ananitazama,
na jogoo wake kwapani ananitazama."

Nikaegemeza ngazi, nikasukuma ubao wa dari,
nikauliza lile swali la ufunguzi la mafundi wote wa Moshi:
"Nani huyu aliyekufanyia hivi?"

"Nilipanga nikakuta nyaya zimo," akajibu kutoka chini.
"Fundi aliyepita simjui."

Basi nikamsema.
Waya wa data kaulaza na waya wa umeme bomba moja,
friji ikivuta pumzi, data inashtuka usingizini.
Hawa ni majirani wa kupungiana mikono, bwana,
si wa kulala kitanda kimoja!
Nikakwangua kwa kisu: ndani, nyeupe.
Aluminiamu iliyopakwa shaba, kama pete ya mnadani.
Kaokoa elfu arobaini siku moja,
duka limeilipa kwa miaka.
Kwenye kona kaukunja mpaka ukavunjika shingo,
na panya, waliochoka mahindi ya sokoni, wameuonja.

Kichwani ndipo nilipocheka peke yangu.
Zile pacha nne, chungwa, kijani, bluu, kahawia,
kiwandani wamezisokota ili zikingane na kelele;
yeye kazifumua urefu wa kidole kizima,
kama anayefumua kichwa chote ili asuke ncha moja.
Upana wa kucha unatosha. Kucha!

Wala hakuna hata kijikaratasi.
Nyaya kumi na moja, zote za kijivu:
ipi ya kaunta, ipi ya stoo?
Na zimekazwa kama kamba ya kuanikia, bila shubiri ya ziada.
"Akiba haiozi, wewe!" nikalifokea giza.

Tochi ikaniponyoka.
Ilipoangukia, kwenye vumbi na mavi ya popo,
kuna plaizi.
Plaizi ya kubania vichwa, mpini umezungushiwa
mpira wa tyubu ya baiskeli,
mafundo matatu, la mwisho limechomwa kwa kiberiti.

Fundo la mwisho huchoma mimi.

Miaka saba. Mlango ulitazama upande mwingine,
palikuwa na duka la vigae, kuta za kijani.
Nilimaliza saa tatu usiku, mwenye duka ananihimiza,
sikupima hata waya mmoja.
Taa za swichi zilipowaka nikasema tayari,
kana kwamba mgonjwa akifumbua macho amepona.

Kesho yake nikamuuliza Anaeli, kijana wangu,
plaizi iko wapi.
Akasema hajui.
Nilichosema mimi, nilikisema mbele ya watu.
Akaegemeza ngazi yangu ukutani, taratibu,
akashika njia ya Pasua.
Wiki ile sikumlipa.

"Fundi, umemjua?"

Nilikaa juu ya boriti.
Friji ikanguruma. Mtandao ukakata.
"Namjua," nikasema.

Leo siku ya tatu. Nimeng'oa zote.
Waya mpya ni shaba mpaka moyoni,
umeme una njia yake, data ina yake,
pasipo budi wakutane wanapishana kama msalaba.
Kila ncha ina jina, huku na kule: KAUNTA 1. STOO. MLANGONI.
Mita mbili za akiba zimelala mduara, hazikubanwa.
Nimepima mmoja mmoja, friji ikinguruma makusudi.
Na kule juu nimebandika jina langu na namba ya simu,
fundi ajaye asihangaike kumtafuta wa kumtukana.

Plaizi imo mfukoni.
Nasikia Anaeli ana kibanda Majengo, anatengeneza simu.
Si mbali. Nimeshapita mara mbili.
Mara zote mbili alikuwa na mteja.