Bati la Mia na Nane

Zamu ya usiku. Theluji nimeikwangua mlangoni mara tatu.
Ndani, pampu inanyonya hewa ya tanuri
mpaka libaki tupu kuliko mkoba wangu tarehe ishirini na tisa.
Kwanza argoni, iusugue uso wa bati.
Kisha umeme unalipiga donge la titani,
linatoa mvuke, mvuke unakutana na naitrojeni,
hewa hiihii tunayoivuta na kuitoa bila kuitumia,
na kidirishani mwanga wa zambarau unatetemeka
kama mtu anayezuia kicheko.

Miaka kumi na tisa nilivika keekee.
Keekee tupu hutoboa mashimo mia, ikachoka;
iliyovikwa hutoboa mia nne na bado ina hamu.
Nilivika visu vya wapasuaji.
Nilivika kiungo cha nyonga ambacho leo, kwa taarifa yenu,
kinapanda ngazi hadi ghorofa ya nne
na kuitwa Kapitolina Yegorovna, mama mkwe wangu,
na hakijaacha kunigombeza.

Ndipo akaja Padri Varsonofi, viatu chepechepe,
akatandaza mchoro wa kuba mezani pa Rinat, mhandisi.
Rinat akapiga hesabu ya dhahabu halisi.
Padri akatafuta kiti.
"Basi nitridi ya titani," Rinat akasema. "Mikroni tatu.
Chukua unywele, upasue mara ishirini: unene ndio huo.
Mvua haiuli. Moshi wa kiwanda hauuchubui.
Ila kanisa likishika moto, nao utaharibika, sikufichi."

"Si uongo huo?" padri akaniuliza mimi, si Rinat.
"Watu watapiga ishara ya msalaba mbele ya rangi."
Nikamwambia: vyote ving'aavyo si dhahabu, nakubali,
lakini nani alivikataza vingine kung'aa?
Dhahabu yako ningeichora kwa pini.
Hii, pini ndiyo itakayolia.

Mabati mia mbili na arobaini.
Na rangi yake ni ugomvi wa vipimo:
naitrojeni ikipungua, bati linapauka kama mgonjwa;
ikizidi, linaiva, linapita dhahabu, linaangukia shaba.
Mkono hautoki kwenye vali.

Usiku wa bati la mia na nane simu iliita.
Miaka miwili haikuwa imeita kutoka namba ile.
Mkono ukatoka kwenye vali.
Tuliongea dakika arobaini, habari za baridi,
bei ya viazi, paka, jino lake lililong'olewa,
kila kitu isipokuwa kile kilichotutenganisha,
na nilipogeuka kidirisha kilikuwa kimekwisha kuamua.

Lilitoka na wekundu. Wekundu kidogo tu,
kama shavu lililotoka nje kwenye upepo.
Sheria inasema: litupwe.
Nikalifuta vumbi, nikalipanga na wenzake.

Padri anajua. Alipanda jukwaani siku ya kufunga mabati,
akaligusa kwa kidole, akatazama chini nilipokuwa,
akamwambia fundi: "Hili weka upande wa reli."

Juni jua linachelewa kuzama, na kuba lote
linawaka rangi moja, huwezi kulitambua.
Ni asubuhi, kukiwa na mawingu, ndipo linaonekana.
Ukija kwa treni ya kaskazini, kaa dirisha la kushoto.
Safu ya tatu kutoka chini.
Ulyana, ni lile.