Mizani ya Chumvi

Unaniuliza, Thembo, kwa nini naisifu treni
iliyonikosesha maziko ya kaka yangu.
Ngoja kwanza niteremshe sufuria.
Swali hilo halijibiwi na mtu aliyesimama.

Basi lako ni zuri, nakubali.
Linaondoka Kasese jogoo bado anasafisha koo,
na mchana unanipigia simu uko Kampala,
unatafuna chapati, shati halijakunjamana.
Treni yetu ilikuwa na ratiba ukutani, ndani ya kioo
kama picha ya marehemu:
tuliitazama kwa heshima,
hakuna aliyetarajia iseme kitu.

Naanza na mabaya, maana ndiyo mengi.
Mbao za kiti zilinichora mistari mgongoni.
Choo, tuache choo.
Kunguni wa daraja la tatu walipanda bila tiketi
na walishuka nami.
Taa zilizimika kabla ya Kamwenge,
na gizani mkono wa mtu ukajua njia
hadi pindo la kitenge nilikofunga pesa.
Mvua ikipenya, magunia yangu ya chumvi ya Katwe
yalilia sakafuni tone kwa tone;
nikifika Kampala naipima faida,
kumbe faida imebaki relini.

Mazuri hayana mpangilio, yananijia ovyo.
Kwamba niliweza kusimama, nikanyoosha goti.
Kwamba gunia sita zilikuwa na nauli niliyoimudu.
Kwamba mama mmoja wa Nkonge alinipitishia dirishani
kichane cha ndizi, bei haijapatana, treni ikang'oka,
nikamlipa wiki ya pili
dirisha likiwa jingine, ndizi zile zile.
Na miaka ile barabara ilijaa vizuizi,
kila kizuizi na kijana wake mwenye bunduki
anayetaka kujua umebeba nini.
Reli nayo iliulizwa, lakini mara chache.

Kisha ile safari.
Telegramu ilinikuta Kampala:
MUMBERE AMEFARIKI MAZIKO KESHO SAA KUMI.
Maneno matano, kila moja limelipiwa.
Nikapanda jioni ile ile na magunia yangu matupu.

Ikafia katikati ya mafunjo, mbele ya Mityana.
Injini nyingine itakuja, alisema kondakta Okecho,
mtu wa Tororo, mrefu, kofia imemzidi kichwa.
Kukacha. Jua likapanda. Injini ilikuwa bado inakuja.
Nililia kimya hadi mwenye magodoro akaniuliza,
Dada, ni nani?
Nikamtaja. Akataka kujua alikuwa mtu wa namna gani.
Nikasema alichimba shaba Kilembe, alicheka vibaya,
alikuwa na deni la baiskeli.
Basi wakamlilia. Watu wasiomjua, Thembo!
Mmoja akatoa majani ya chai, mwingine sukari,
moto ukawashwa kwenye kokoto za reli.
Bibi mmoja akaimba kwa lugha nisiyoielewa,
nikaielewa.

Saa kumi ilipofika bado tumekwama.
Okecho akaingia, akavua kofia,
na behewa zima likasimama.
Nikashuka, nikakung'uta gunia:
chumvi ya kujaza kiganja, yenye vumbi.
Nikaimwaga kando ya reli
wakati huohuo, nadhani, wao wakimwaga udongo.

Basi lingenifikisha.
Sikufichi, lingenifikisha,
na ningemwona kwa mara ya mwisho,
jambo ambalo hakuna chai inayolilipa.
Lakini ningelia paji la uso kwenye kioo,
na dereva angeongeza sauti ya redio.

Sijui. Ile mizani yangu ya chumvi
iko chini ya kitanda, sahani moja imepinda.
Ukirudi nitafutie fundi.
Haya, nenda, beba na viazi hivi,
basi lako halimngoji mtu.